"Mimi Ndiye Spartacus": Uchambuzi wa Usiku wa Bloomington, 2008

Jumamosi ya tarehe 9 Agosti 2008, katika uwanja wa Memorial Stadium wa Chuo Kikuu cha Indiana mjini Bloomington, bendi ya Phantom Regiment ya Rockford, Illinois, ilitwaa ubingwa wa Drum Corps International, shirika linaloendesha mashindano ya bendi za vijana za matarumbeta na ngoma, kwa alama 98.125. Blue Devils ya Concord, California, iliyokuwa bingwa mtetezi, ilipata 98.100. Kilichozitenganisha bendi hizo mbili kilikuwa alama 0.025, yaani fungu moja kati ya mafungu arobaini ya alama moja. Hata hivyo, wapenzi wa sanaa hii wanapousimulia usiku ule, ni wachache wanaoanza na hesabu. Wengi huanza na ukelele: "Mimi ndiye Spartacus!", jina la mtumwa aliyeongoza uasi dhidi ya Roma ya kale, uliotoka kwanza kwa vijana waliokuwa uwanjani, mmoja baada ya mwingine, kisha ukapokewa na watu majukwaani.

Nia ya uchambuzi huu ni kueleza kwa nini ukelele ule uliwagusa watu kiasi hicho. Hoja yangu ni kwamba hisia hazikuletwa na maneno yenyewe, ambayo ni ya kuazima na yangeweza kwa urahisi kugeuka kichekesho. Zililetwa na namna onyesho zima lilivyopangwa, hata mtazamaji akafikishwa mahali ambapo kukaa kimya kungekuwa sawa na kulikana jambo alilolishuhudia kwa macho yake.

Ni lazima kwanza sanaa yenyewe ieleweke, kwa kuwa haina mfano kamili katika nchi zetu. Bendi hizi, ambazo Wamarekani huziita drum corps, ni za vijana wasiozidi miaka 21 au 22. Hazina filimbi wala zumari, wala vinanda vya nyuzi. Zina matarumbeta ya kila umbo, kuanzia madogo yenye sauti kali hadi makubwa yabebwayo begani. Zina ngoma zinazofungwa kiunoni na kifuani. Zina safu ya marimba na ngoma nyingine zisizobebeka ambayo hupangwa mbele ya uwanja. Na zina kikosi cha bendera, ambacho hucheza, hurusha bendera, bunduki za mbao na panga, na mara nyingi ndicho kinachobeba simulizi. Mwaka 2008 bendi moja iliruhusiwa kuwa na watu hadi 150. Onyesho moja huchukua dakika kumi na kidogo, na katika muda huo wote wapigaji hutembea, hukimbia, hurudi kinyumenyume na kuchora maumbo yanayobadilika bila kukoma kwenye uwanja wa mpira, huku wakipiga muziki ambao wengi wetu tungeupiga kwa shida tukiwa tumeketi.

Kwa ajili ya dakika hizo, vijana hutoa majira yao yote ya kiangazi. Hulipa ada wenyewe, husafiri kwa basi usiku kucha kutoka mji hadi mji, hulala kwenye sakafu za kumbi za michezo za shule, na hufanya mazoezi mchana kutwa juani. Onyesho ni lilelile msimu mzima, ingawa walimu huendelea kulirekebisha hadi wiki ya mwisho. Kwa aliyefikia ukomo wa umri mwaka 2008, fainali ya Agosti ilikuwa mara yake ya mwisho kabisa. Baada ya hapo hapakuwa na daraja la wakubwa ambalo angeweza kupanda ndani ya shirika hilo. Jambo hili halikusemwa na mtangazaji, lakini kila aliyekuwako majukwaani alilijua, na wengi wao walishapitia mlango huohuo.

Msomaji wa Lamu, Mombasa au Tanga anaweza kukumbuka beni, ambayo tangu mwishoni mwa karne ya 19 iliwagawa watu wa pwani na baadaye wa bara katika vyama vya ushindani, Kingi na Skochi, Marini na Arinoti, kila kimoja na sare zake, vyeo vyake na ngoma zake. Kufanana kwa beni na bendi za Marekani kusitiliwe chumvi, kwa kuwa chimbuko ni tofauti. Nalitaja kwa sababu moja tu: katika beni hapakuwa na mtazamaji asiye na upande. Uwanja wa mpira wa Marekani, wenye majukwaa marefu na uzio, umejengwa kwa kusudi la kinyume, la kumtenga anayetazama na anayetenda. Kilichotokea Bloomington kilihitaji kwanza kuushinda umbali huo.

Bendi ya Phantom Regiment ilianzishwa mwaka 1956. Tangu miaka ya 1970 ilijichagulia njia ya muziki wa okestra za Ulaya: Wagner, Dvořák, Shostakovich. Msafara wa Elsa kuelekea kanisani, kutoka opera ya Wagner iitwayo Lohengrin, umekuwa kama wimbo wake wa ukoo. Njia hiyo iliipatia heshima kubwa na vikombe vichache. Ilishika nafasi ya pili mwaka 1977, ikashika ya pili tena 1978, na tena 1979. Mwaka 1989 ilipiga Simfonia ya Ulimwengu Mpya ya Dvořák ikawa ya pili tena, nyuma ya Santa Clara Vanguard. Mwaka 1996, kwa muziki wa Shostakovich, hatimaye ilipata ubingwa, lakini hata huo iliugawana na Blue Devils kwa kufungana alama. Mwaka 2006, kwa onyesho la Faust, ikarudi kwenye nafasi ya pili. Kwa hiyo hadi inaingia uwanjani mwaka 2008, bendi iliyopendwa kuliko karibu zote ilikuwa na miaka 52 na haikuwahi kusimama peke yake juu.

Historia hiyo ni sehemu ya onyesho, ingawa haikuandikwa kwenye karatasi yoyote ya muziki. Mtu asiyejua lolote kuhusu bendi hiyo angeona hadithi ya watumwa wanaowaasi mabwana zao. Aliyeijua aliona pia bendi inayoasi desturi yake yenyewe ya kushindwa kwa heshima. Ninashuku kwamba walimu walilijua hilo walipochagua mada, lakini hata kama hawakulijua, hadhira ilifanya ulinganisho huo yenyewe.

Muziki mkuu ulitoka kwenye baleti ya Spartacus ya Aram Khachaturian, mtunzi Mwarmenia aliyezaliwa Tbilisi mwaka 1903. Baleti hiyo ilichezwa kwa mara ya kwanza Leningrad mnamo Desemba 1956, mwaka uleule ilipoanzishwa bendi ya Rockford. Ni sadfa tu, lakini ni sadfa ya kupendeza. Phantom Regiment haikuwa inakutana na muziki huo kwa mara ya kwanza. Iliupiga mwaka 1981, ikaurudia 1982. Kwa hiyo majukwaani Bloomington walikuwamo watu wazima ambao walikuwa wameupiga wenyewe katika ujana wao, au walikuwa wamewasikia wakubwa wao wakiupiga, na sasa walikuwa wakiusikia ukipigwa na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati huo. Kurudia kipande cha zamani ni jambo la hatari, maana kumbukumbu ni mpinzani asiyechoka, na mara nyingi kipande kipya hushindwa na kile kilichohifadhiwa moyoni. Hapa kilishinda, nadhani kwa sababu bendi haikukirudia kama ilivyokuwa. Ilikigeuza kuwa tamthilia yenye wahusika.

Sehemu ya baleti inayojulikana zaidi ni Adajio, yaani kipande cha mwendo wa polepole, ya Spartacus na mkewe Phrygia. Katika okestra huanza kwa sauti nyembamba ya obo, aina ya zumari, kisha nyuzi zinaipokea na kuipandisha taratibu hadi inajaa. Bendi ya matarumbeta haina obo wala nyuzi. Lazima wimbo ule, ambao uhai wake ni pumzi ndefu isiyokatika, ubebwe na vijana wanaotembea, ambao mapafu yao yana kazi mbili kwa wakati mmoja. Mwalimu hutatua tatizo hilo kwa kuwapanga wapigaji wapumue kwa zamu, ili anapoacha mmoja jirani yake awe anaendelea, na msikilizaji asisikie ufa. Ni ufundi usioonekana, nao ndio msingi wa kila wakati wa huzuni katika sanaa hii. Watu husema walilia kwa sababu ya wimbo. Ukichunguza, walilia kwa sababu makumi ya vijana walikubaliana lini kila mmoja anyamaze.

Kwa maoni yangu, moyo wa onyesho uko hapo kwenye Adajio kuliko kwenye ukelele unaosifiwa zaidi. Wimbo wa mapenzi ndio unaoweka dhamana. Bila mume na mke, uasi wa watumwa ni mapigano tu, na mapigano uwanjani, hata yakichezwa vizuri, ni mazoezi ya viungo yenye ngoma. Hadhira ilipewa kwanza kitu cha kupoteza, kwa utulivu, kisha ikaoneshwa kikipotea.

Hadithi yenyewe inafahamika. Mwaka 73 kabla ya Kristo, watumwa takriban 70 waliokuwa wakifunzwa kupigana hadi kufa kwa burudani ya Warumi walitoroka kutoka mji wa Capua. Jeshi lao likakua hadi kufikia makumi ya maelfu, likayashinda majeshi kadhaa ya Roma, na mwaka 71 likavunjwa na jemadari wa Kirumi Crassus. Maiti ya Spartacus haikupatikana. Mateka 6,000 walisulubiwa kando ya barabara ya Appia, kutoka Capua hadi Roma. Hakuna mwandishi wa kale anayetaja watumwa wakisimama mmoja mmoja na kusema "Mimi ndiye Spartacus". Tukio hilo lilibuniwa kwa ajili ya filamu ya Kimarekani ya mwaka 1960, ambamo mateka wanaahidiwa kusamehewa wakimtaja kiongozi wao, nao, badala ya kumtaja, kila mmoja anajitaja mwenyewe.

Hapa ndipo pana udhaifu ambao mchambuzi hapaswi kuupita. Maneno hayo yamechakaa nchini Marekani. Yametaniwa katika vichekesho na matangazo kwa miongo mingi. Kuyaleta uwanjani, yakitoka vinywani mwa vijana wa miaka 19 waliovaa mavazi ya maonyesho, kulikuwa kucheza na moto. Tena, jambo ambalo linapendeza likitendwa na waigizaji mbele ya kamera linaweza kuwa la aibu likitendwa na watu wengi mbele ya uwanja wa mpira, ambako sauti ya mtu mmoja hupotea na ishara ndogo hazionekani.

Lakini udogo huo wa sauti ndio uliofanya kazi. Katika sanaa ambayo silaha yake kuu ni wingi, yaani makumi ya matarumbeta yakigeuzwa kuelekea majukwaani na kufunguliwa kwa pamoja, binadamu mmoja anayesimama na kutamka maneno matatu kwa koo lake ni jambo geni. Masikio yaliyokuwa yamezoea ukuta wa sauti hulazimika kumtafuta. Kisha anasimama mwingine, mahali pengine uwanjani, na macho yanahama. Kisha mwingine. Kwa dakika zote zilizotangulia wapigaji walikuwa sehemu za umbo. Mtazamaji hakuwa na sababu ya kumtofautisha huyu na yule, na kwa kweli ubora wa bendi hupimwa kwa kutotofautika huko. Ukelele unaligeuza hilo. Anaonekana mtu, kisha mtu, kisha mtu, na kila mmoja anajitwika jina la anayetafutwa. Tendo la mateka katika ile filamu, la kuukana usalama wao binafsi, linafanana kwa namna ya ajabu na tendo la kila kijana aliyekubali kuwa nukta ndani ya mchoro msimu mzima. Kwa upande wa filamu kujitaja ni kufa kwa ajili ya mmoja. Kwa upande wa bendi kujitaja ni kutoka, kwa sekunde chache, katika kufichika.

Watazamaji walipoitikia, umbali kati ya majukwaa na uwanja ulivunjika. Ni vigumu kumweleza asiyewahi kuhudhuria jinsi jambo hilo lilivyo nadra. Hadhira ya bendi hizi hupiga kelele nyingi, lakini hupiga kelele juu ya onyesho, kama anavyoshangilia mtu aliyeona bao. Kutamka maneno ya mhusika ni jambo jingine kabisa, maana hapo mtazamaji amepewa nafasi ndani ya hadithi, na nafasi yenyewe si ya mpita njia. Anakuwa mtumwa aliyesimama.

Maandalizi ya jambo hilo hayakufanyika usiku mmoja. Kwa kuwa onyesho ni moja msimu mzima, habari zake zilikuwa zimesambaa kabla ya bendi kufika Bloomington. Waliosafiri kutoka mbali walijua nini kinakuja na lini. Mtu anaweza kudhani kwamba kujua mapema hupunguza hisia. Katika hadithi za siri, ndiyo. Lakini katika ibada, katika msiba, katika ngoma ya harusi, kila mtu anajua neno linalofuata, na ni kujua huko kunakomwezesha kulisema pamoja na wengine. Anayeitikia dua hahitaji kushangazwa. Phantom Regiment, kwa makusudi au kwa bahati, ilikuwa imetumia wiki za ziara kuifundisha hadhira yake kiitikio.

Yapo maelezo mawili mengine ambayo hutolewa, nayo yanastahili kupimwa.

La kwanza linasema kwamba hisia za usiku ule zilitokana na ushindi: watu wanaukumbuka ukelele kwa sababu bendi ilishinda kwa tofauti ndogo, na kama ingeshindwa, ukelele ungesahaulika. Kuna ukweli ndani yake. Matokeo hutangazwa kuanzia nafasi ya chini kwenda juu, kwa hiyo bingwa hujulikana pale jina la mshindi wa pili linapotajwa. Na kwa bendi ambayo jina lake lilikuwa limetajwa mahali hapo mara nyingi hivyo, kutotajwa kulikuwa habari kubwa kuliko kutajwa. Furaha hiyo ilirudi nyuma na kupaka rangi kumbukumbu ya kila kilichotangulia. Hata hivyo maelezo haya hayatoshi, kwa kuwa watu waliitikia kabla ya kujua matokeo. Hakuna aliyepaza sauti kwa sababu ya alama ambazo bado zilikuwa mikononi mwa waamuzi.

La pili husema kinyume chake: kwamba ukelele ndio ulioleta ushindi, kwa kuwa uliwalemea waamuzi. Kulipima hili kunahitaji kuelewa jinsi alama zinavyopatikana. Alama 100 hugawanywa sehemu tatu: 40 kwa athari ya jumla, 30 kwa muziki, na 30 kwa kinachoonekana. Waamuzi wengine hukaa juu kabisa ya majukwaa, ambako wanaona umbo zima. Wengine, katika miaka hiyo, walitembea uwanjani katikati ya wapigaji wakiwa na kinasa sauti mkononi, wakinong'ona walichokiona, nani amechelewa, mguu gani umekosea, kijiti gani kimeanguka mapema. Yule wa athari ya jumla ndiye pekee anayeulizwa kama onyesho linamfikia mtu, na hata yeye hatakiwi kupima machozi. Hupima kama mpango una uwezo wa kugusa na kama watekelezaji wanautimiza.

Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mwitikio wa hadhira ulimfikia mwamuzi wa aina hiyo. Ni binadamu, ana masikio, na amepewa karatasi inayomtaka aseme kama jambo limefanya kazi. Kama uwanja unaitika mbele yake, jambo limefanya kazi. Sioni upotofu wowote hapo. Lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba ukelele ulishinda ubingwa ni mruko mkubwa. Tofauti ya 0.025 ni ndogo kiasi kwamba mwamuzi yeyote, katika kipengele chochote, angeongeza au kupunguza desimali moja, na bingwa angekuwa mwingine. Ukitaka kumpa mtu mmoja sifa ya ushindi huo, unaweza kumpa mpiga tarumbeta ambaye hakukosea hatua katika dakika ya tatu kwa haki ileile.

Tena, wanaosimulia usiku ule kama ushindi wa moyo dhidi ya ufundi husahau jambo linalowapinga. Mwaka huo Phantom Regiment ilishinda pia tuzo ya ngoma, chini ya mtunzi na mwalimu wake Paul Rennick. Katika kipengele hicho hakuna nafasi ya huruma. Hupimwa kama mikono ya wapigaji wote inapanda kwa urefu mmoja, kama vijiti vinaanguka kwa wakati mmoja, kama sauti ya safu nzima ni ya mtu mmoja. Bendi iliyoliza uwanja ilikuwa pia bendi ambayo wapiga ngoma wake walikuwa sahihi kuliko wengine wote. Sidhani mambo hayo mawili yalikutana kwa bahati. Maneno yaliyochakaa husamehewa yakitoka kwa mtu ambaye hadi hapo hajakosea. Yangetoka kwa bendi yenye safu zilizopinda na pumzi zinazokatika, watu wangecheka, na kicheko hicho kingekuwa cha haki.

Blue Devils, kwa upande wao, hawakuwa wabaya wa hadithi hii, ingawa simulizi za mashabiki huwavika vazi la Crassus. Onyesho lao la mwaka huo lilikuwa la kiakili zaidi, lenye mizaha na makato ya ghafla, na lilitekelezwa kwa usafi ambao wengi waliamini ungewapa kombe. Kilichowakabili ni tofauti ya lugha. Wao waliomba wavutiwe nao. Wapinzani wao waliomba msaada. Hadhira iliyoombwa msaada hutoa zaidi ya ile iliyoombwa kustaajabu, na hili halihusiani sana na ni nani aliyekuwa bora.

Mazingira nayo yalichangia. Fainali zilikuwa zimepangwa kufanyika Indianapolis, lakini uwanja mpya wa Lucas Oil haukuwa tayari, zikahamishiwa Bloomington. Hivyo ikawa fainali ya mwisho ya kipindi chake kuchezwa chini ya anga wazi. Tangu mwaka 2009 ubingwa umekuwa ukiamuliwa ndani ya Lucas Oil, penye paa. Mwaka 2009 pia ndipo ala za kielektroniki ziliporuhusiwa. Hii ina maana kwamba onyesho la Spartacus lilikuwa miongoni mwa ya mwisho ambamo kila sauti ya muziki ilitoka kwenye pumzi, ngozi, mbao na chuma. Sitaki kulifanya hili kuwa kubwa kuliko lilivyo. Lakini inafaa kukumbuka kwamba kilichojaza uwanja ule pale ambapo leo kungewekwa mngurumo wa kinanda cha umeme kilikuwa koo za watu, tena watu ambao wengi wao hawakuwa wanabendi.

Swali la mwisho la kisa hiki ni la historia na ukweli wake. Spartacus wa kweli alishindwa, na njia ya Appia ilijaa misalaba. Onyesho lilichagua kuondoka na ushindi. Wapo wanaoona kwamba huko ni kumnyang'anya mtumwa msiba wake ili kuwapa Wamarekani mwisho mwema, na siwezi kusema wamekosea. Baleti ya Khachaturian inamaliza kwa maombolezo ya Phrygia juu ya mwili wa mumewe, na maombolezo hayo yana uzito ambao shangwe ya Bloomington haikuwa nao. Kama ningeulizwa ni ipi kati ya tamati hizo mbili iliyo kweli, ningechagua ya baleti bila kusita. Lakini mbele ya uwanja uliokwisha kutamka kwamba kila mmoja wetu ndiye anayetafutwa, tamati ya baleti ingemaanisha kuwaua watazamaji, na sioni bendi ya vijana ambayo ingethubutu.

Mwaka uliofuata Phantom Regiment haikuingia hata katika tano bora, na hadi msimu wa 2025 haijashinda ubingwa mwingine. Bendi nyingine zimejaribu tangu hapo kuwapa watazamaji neno la kusema au ishara ya kufanya, na mara nyingi hadhira hutii kwa adabu, inasema neno, inaketi. Kinachokosekana katika majaribio hayo, kwa kadiri ninavyoona, ni Adajio: zile dakika ndefu za kabla, ambazo hakuna anayeombwa chochote, na ambazo bendi inatoa tu.